Kiti cha Bibi Ndani ya Ofisi ya Baba

Kwanza niwaambie habari za gari, maana ukishalijua gari la baba yangu, yeye mwenyewe umeshamjua nusu.

Ni pikapu ya zamani, ilikuwa ya bluu halafu bluu ikachoka. Mtaani kwetu wanaiita Bi Harusi, kwa sababu haiondoki nyumbani bila kusindikizwa. Yaani kila asubuhi Baba anazungusha funguo, gari linakohoa, linanyamaza, basi yeye anashusha kioo na kuita, "Jamani eeh, Bi Harusi anatoka!" Hapo utawaona: kinyozi wa jirani na kitana mkononi, huku mteja wake amebaki ndani kanyolewa upande mmoja, dada wa duka la vocha, na mimi na sare yangu ya shule. Tunasukuma mpaka kwenye mteremko. Likiwaka linatupulizia moshi wote usoni, na sisi tunapiga vigelegele. Sijawahi kuona gari linalopendwa hivi na watu ambao halijawahi hata kuwapa lifti.

Baba ni fundi bomba. Hana bosi. Bosi wake ni simu, ikiita anasimama. Nyuma ya Bi Harusi kuna ngazi, mabomba ya plastiki, msumeno, na ndoo ya spana inayopiga kelele kwenye kila shimo, hata kama umelala ndani unajua Baba karudi. Akifika kwa mtu hakimbilii kuvunja ukuta. Anachukua bisibisi, ncha anaigusisha ukutani, mpini sikioni, anafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea. Halafu anasema, "Linavuja hapa." Na linavuja hapo hapo, jamani!

Na ana kitu kimoja ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Akimaliza kazi, hafungui koki yeye. Anajifuta mikono, anasogea pembeni, anamwambia mwenye nyumba, "Fungua mwenyewe." Hata kama mwenye nyumba ni mtoto mdogo, atabebwa afikie. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Maji ni yake. Mimi nilikuwa napita tu."

Sasa, Bibi.

Bibi ni mama yake Baba. Alikuwa anaishi kwake peke yake, safari ya saa kadhaa kutoka kwetu, mpaka siku alipoteleza kwenye kingazi cha mlango wa nyuma akaumia nyonga. Baba akaenda kumchukua na Bi Harusi. Bibi alishuka akisema, "Nimekuja kutembea tu." Miezi ikapita, bado amekuja kutembea tu. Begi lake jekundu hakulifungua kama watu wanavyofungua begi. Alikuwa anatoa gauni moja, anavaa, linafuliwa, analikunja, linarudi begini, zipu inafungwa. Begi lenyewe linakaa chini ya kitanda chetu, maana mimi na yeye tunalala chumba kimoja. Baba akiingia kuniita, nilikuwa naona macho yake yanaenda kwenye lile begi halafu yanakimbia.

Alitaka Bibi akae kabisa. Ila Baba ni mtu anayejua kuongea na kuta, sio na watu.

Kitu pekee kilichokuwa kinamshika Bibi kwetu kilikuwa kiti. Kuna chumba kidogo cha uani ambacho Baba anakiita ofisi. Kina meza, koki za mfano zimening'inia kwenye misumari kama hereni, boksi la risiti, na dirisha ambalo upepo wote wa nyumba yetu unapitia hapo. Bibi alikuwa na kiti chake cha kuegemea kwenye kona ya dirisha. Akishakula mchana anaingia, anamwambia Baba, "Wewe andika, mi nakuangalia tu." Haipiti muda anakoroma. Baba anaandika makadirio ya wateja pole pole, na simu ikiita anapokea kwa sauti ya chini kabisa: "Ongea taratibu, mama kalala." Wateja walishazoea. Mmoja akipiga alikuwa anaanza na, "Fundi, mama keshaamka nikwambie shida yangu?"

Nawaambia, nilikuwa natoka shule nawakuta hivyo, mmoja anakoroma mwingine anaandika, natamani kupiga picha. Na nilipiga. Ndiyo iko kwenye simu yangu mbele, hapo kwenye saa.

Mwaka huu Baba akapata kazi kubwa ya mabomba kwenye ghorofa jipya. Tukafurahi mpaka tukanywa soda siku ya kawaida. Ila kazi kubwa ina makaratasi, na makaratasi yakaja na watu wa kodi. Wanataka hesabu: kilichoingia na kilichotoka. Ukipeleka kilichoingia peke yake, utatozwa kama vile chote ulikila wewe. Na Baba cha kuuza ili alipe hicho alikuwa nacho kimoja tu, kinaanzia na Bi na kinaishia na Harusi. Bila gari hakuna kazi. Bila gari Bibi haendi kliniki ya nyonga.

Akaenda kwa Mama Hesabu. Huyu ni mama mmoja mtaa wa pili anayewafanyia watu wa maduka mahesabu yao, na bafu lake Baba ndiye alilitengeneza. Mama Hesabu akamwelekeza: gharama za gari unaziondoa, mafuta, matairi, mafundi, ila kwa safari za kazi tu, sio za kwenda kusalimia shemeji. Na chumba cha kazi nyumbani nacho unadai sehemu ya pango na umeme. "Lakini kiwe cha kazi kweli," akasema, "usije ukaniletea chumba cha kulala ukaniambia ni ofisi!" Akacheka.

Baba hakucheka. Neno "kulala" lilimwingia kama msumari kwenye tairi, na akatembea nalo mpaka nyumbani.

Za gari zikawa kazi yangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye simu nzuri. Baba ananiita Chaji, maana maisha yangu yako karibu na soketi. Kila Bi Harusi ikitoka na ikirudi napiga picha namba za kilomita pale kwenye dashibodi, halafu nauliza, "Kazi au nyumbani?" Naandika. Mnadhani ilikuwa rahisi? Na mtu mwaminifu kama Baba?

"Chaji, leo hapo kwenye mkate weka nyumbani."

"Baba, mkate ulinunua njiani ukitoka kazini!"

"Nilipinda kona."

"Kona moja!"

"Kona ni kona."

Siku moja alimpeleka Bibi kliniki, Bibi mbele na tangi la maji la mteja nyuma, wote wakashushwa njia moja. Baba alikaa barazani anawaza tangi ni kazi, mama ni nyumbani, sasa hiyo kilomita inakatwaje. Mama yangu akamwambia, "Baba Chaji, kula kwanza chakula, hicho hakina kilomita."

Basi, tulicheka hivyo hivyo mpaka siku aliyokitoa kiti.

Ilikuwa mchana, tumetoka kula. Bibi kanyanyuka anaelekea uani kama kawaida yake, anakutana na Baba mlangoni kakibeba kiti kichwani.

"Unakipeleka wapi?" Bibi akauliza.

"Sebuleni, Mama. Kile chumba sasa hivi kina masharti."

"Masharti ya nani?"

"Ya kodi. Hakilaliwi."

"Kwani nani analala? Mi nafumba macho tu."

"Mama, unakoroma."

"Nakoroma nikiwa macho!"

Mama akaangua kicheko, na mimi nikamfuata, hata Baba midomo ilimcheza kidogo. Lakini kiti kikaenda sebuleni. Bibi akakaa, akanyoosha gauni lake magotini, akasema, "Ahsante."

Jamani. Bibi yangu hasemagi ahsante. Bibi ukimpa chai anasema, "Sukari mmepeleka wapi?" Mimi ananiita mke mwenzangu, ananiambia nimemnyang'anya marehemu babu kwa huu urefu wa shingo. Lakini kuanzia siku ile akawa na adabu kama mgeni wa kuja na kuondoka. "Samahani, napita." "Msijisumbue." "Ahsanteni, nimeshiba." Sebuleni kwetu mchana jua linapiga dirisha zima, pazia linakuwa la moto. Alikuwa anakaa pale macho makavu mbele ya runinga, hafumbi hata kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuna mtihani.

Na Baba je? Baba alikaa ofisini kwake peke yake na upepo wote ule. Nilimchungulia. Simu ikaita, akapokea kwa sauti ya chini, "Ongea taratibu..." Halafu akaangalia ile kona, hamna kiti, hamna mtu. Mteja anaita, "Haloo? Haloo, fundi?"

Ijumaa tunakula, Bibi akasema, "Mwanangu, kesho kama huna kazi nirudishe kwangu. Nyonga imepona. Nimetembea vya kutosha."

Mama akaweka kijiko chini. "Mama, huko kuna nini? Nyumba tupu, na kile kingazi bado kipo."

"Kwangu nikitaka kulala nalala, hata ndani ya ndoo."

Baba akatafuna. Akatafuna tena. Chakula chenyewe kilikuwa uji, sijui alikuwa anatafuna nini. Mwisho akasema, "Kesho sina kazi."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Ulikuwa mguu wa Mama.

Jumamosi asubuhi Bibi yuko kiti cha mbele ndani ya Bi Harusi, begi jekundu mapajani. Baba kwenye usukani. Mimi nimesimama dirishani na simu yangu, natamani kulia ila sitaki wanione, basi nikafanya kazi yangu tu. Nikapiga picha ya kilomita. Nikauliza kwa mazoea:

"Baba, hii niandike kazi au nyumbani?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa lugha ya kigeni.

"Safari ya wapi?"

"Ya kumrudisha Bibi."

Akazungusha funguo. Bi Harusi ikakohoa, ikanyamaza, kama siku zote. Na kinyozi alishatoka na kitana chake, dada wa vocha keshafunga kidirisha, wamesimama wanasubiri waitwe. Tukasubiri. Baba hakushusha kioo. Mikono kwenye usukani, anaangalia mbele, utafikiri yuko barabara kuu.

"Mbona huwaiti watu?" Bibi akauliza.

"Wana kazi zao."

"Kinyozi yule pale kasimama."

"Anapunga upepo."

Bibi akamgeukia, begi na yeye vikageuka pamoja. "Wewe tangu mdogo ukitaka kitu unanuna badala ya kusema. Ulininunia wiki nzima kwa ajili ya viatu vyenye taa. Sema."

Baba akasema, "Sitaki uende."

"Ulinitoa chumbani."

"Nilitoa kiti, Mama. Wewe sikukutoa."

"Kile kiti kilikuwa na mimi!"

Halafu Baba akaanza, na jamani sijawahi kumsikia baba yangu anaongea maneno mengi hivyo bila ukuta mbele yake. Kwamba akiandika ofisi na mtu analala mle, atakuwa kadanganya, na yeye hawezi kuweka jina lake chini ya uongo. Asipoandika, hesabu zitakuwa mbaya, gari litaondoka, na gari likiondoka atampelekaje kliniki. Kwamba alidhani akikitoa kiti, gari linabaki na yeye Bibi anabaki. "Sasa gari lipo," akasema, "halafu ndilo linakuondoa." Sauti ikakatika hapo kwenye "linakuondoa," akajifanya anarekebisha kioo cha kuangalia nyuma.

Bibi akamwangalia shingoni. Halafu akamfuta vumbi begani ambalo halikuwepo.

"Aliyekuambia hayo masharti," akasema kwa upole, "ulimuuliza mama yako akae wapi?"

"Hapana."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Nilisikia 'kulala' nikaja."

"Basi ita watu wako."

Baba akashusha kioo. "Jamani eeh! Bi Harusi anatoka!" Nikasukuma kuliko siku zote, gari likawaka, mimi nikarukia nyuma kwenye ndoo ya spana, hao kwa Mama Hesabu, mtaa wa pili. Njiani nikapiga kelele kwenye kidirisha cha nyuma, "Kazi au nyumbani?" Bibi akajibu yeye: "Kazi! Tunaenda ofisini!"

Mama Hesabu alikuwa anaanika nguo. Baba akamwamkia kwa heshima zote, akaanza kueleza, akafika kwenye kiti kubebwa kichwani, na yule mama akaacha shati likadondoka.

"Ngoja. Ulimtoa nani?"

"Kiti."

"Kiti kikiwa na nani?"

Baba akaangalia chini. Bibi akanyanyua mkono pale ndani ya gari, kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Shikamoo mama yangu!" Mama Hesabu akamkimbilia. "Marahaba mwanangu," Bibi akasema, "ndiyo mimi niliyefutwa kazi." Wakacheka wakashikana mikono, na Baba kasimama katikati ya kamba ya nguo kama soksi iliyosahaulika.

"Fundi," Mama Hesabu akasema akijifuta machozi, "mimi nilisema chumba cha kulala usikiite ofisi. Sikusema ofisi ifukuze wazazi! Chumba unakigawa. Pima upande unaofanyia kazi, huo ndio unaudai. Upande wa mama unauacha, ni wa nyumbani. Utapunguziwa kidogo kuliko ulivyotaka. Basi."

"Kumbe kinagawanyika?"

"Kama mkate."

"Na mtu anaweza kukoroma upande wake?"

"Akorome mpaka paa litikisike, mradi asikorome upande wa meza."

Bibi akasema, "Fundi mzima wa kupima mabomba, kashindwa kumpima mwanamke mmoja na kiti chake."

Siku hiyo hiyo tukapima. Baba akashika futi upande mmoja, mimi upande mwingine, Bibi kwenye kiti chake katikati ya chumba akisimamia kama mwenye kiwanja. Baba akatoa ile chaki anayochorea kuta kabla ya kuzivunja, akachora mstari sakafuni kutoka mlangoni mpaka chini ya dirisha.

"Dirisha liko upande wangu," Bibi akasema.

"Mama, nitaandikaje gizani?"

"Utawasha taa. Si umeambiwa unadai umeme?"

Nilijikalia sakafuni nikacheka mpaka mbavu zikauma. Wakapatana: dirisha nusu kwa nusu, upepo wote wa Bibi.

Hesabu zikapelekwa. Kilomita za kazi huku, za nyumbani kule, na ile ya tangi na kliniki Baba aliikubali iwe ya nyumbani yote, eti bora tangi lipate lifti ya bure kuliko mama awe mzigo wa mteja. Kodi ikalipwa, ikamuuma kiasi, akalala na kuamka, na Bi Harusi bado tunaisukuma.

Tatizo ni mstari. Bibi anapenda kufagia. Kila akifagia mstari unafutika, na kila ukifutika anauchora upya yeye, kwa mkono wake, na jamani naapa unatembea. Wiki iliyopita Baba alisimama anaangalia sakafu, anajikuna kichwa. "Mama, mbona ofisi yangu imekonda?" Bibi kafumba macho. "Mi nimelala," akasema. Baba akachukua futi akapima upya kimya kimya, akaurudisha mstari mahali pake, na alipofika kwenye miguu ya Bibi iliyovuka akaizungushia chaki pole pole, asimwamshe.

Halafu akaniambia nishike ndoo. Kumbe alikuwa na mpango siku nyingi. Akavuta bomba kutoka uani, akatoboa ukuta, akafunga sinki dogo kwenye kona ya Bibi, ili asiwe anatoka nje kwenye sakafu yenye maji akitaka kunawa. Ile koki ilikuwa nzuri kuliko zote zilizokuwa zinaning'inia kwenye misumari, ile ambayo wateja wakiiulizia bei alikuwa anasema sio ya kuuza. Alipomaliza akajifuta mikono, akasogea pembeni.

"Mama. Fungua mwenyewe."

Bibi akashikilia mkono wa kiti, akasimama, akafungua. Maji yakatema hewa kwanza, pff pff, halafu yakaja. Aliacha mkono wake humo muda mrefu, kuliko mtu anavyohitaji kujua kama maji ni baridi.

Nilitoa simu. "Baba, hii koki niandike kazi au nyumbani?"

"Nyumbani," wakasema wote wawili.

Bibi akafunga koki akajifuta kwenye gauni. "Sinki dogo," akasema. "Na nyie mnakaa tu hapo, vitunguu vimeisha jikoni. Mke mwenzangu, nenda sokoni na hiyo shingo yako ndefu."

"Niweke kwenye nini, Bibi? Mfuko umechanika."

"Chukua begi langu."

"Lipi?"

"Kwani nina mangapi? Lile jekundu. Liko chini ya kitanda, halina kitu."